Maharage Mabegani mwa Mama

Nilijua Mama hatanii siku nilipomkuta jikoni anakaanga vitunguu huku Bibi Quimeta amemkalia mabegani. Bibi alikuwa ametua karai la maharage mabichi juu ya kichwa cha Mama, anamenya taratibu, miguu inaning'inia kama ya mtoto kwenye bembea.

"Mama, ganda limeanguka kwenye kikaango," Mama akasema.

"Lile tu, Roser. Ulipokuwa mdogo ulikula mchanga na hukufa."

"Magoti yanawaka."

"Najua, mtetemo unanifika mpaka kwenye meno. Lakini maharage bado."

Huku kwetu Katalunya, kila mji una kundi lake la kujenga minara ya watu. Mtu husimama mabegani kwa mtu, orofa juu ya orofa, hadi mtoto mmoja afike kileleni na kuinua mkono. Kwetu mtoto huyo ni Berta, mdogo wangu. Zamani alikuwa Mama mwenyewe, na aliyesimama orofa ya pili chini yake alikuwa Bibi. Basi Mama akaingiwa na hamu moja: kwenye sikukuu ya mji, mwezi wa Agosti, asimame pale pale aliposimama Bibi, na Berta apande kupitia mabegani mwake.

Hakukuwa na mwaka mwingine wa kungojea. Llibert, kiongozi wa kundi, alikuwa amekwisha kumpima Berta kwa macho.

"Huyu miguu inarefuka kama ya korongo," alisema. "Baada ya sikukuu anashuka orofa. Na wewe Roser, nafasi ya pili nakupa, ila ukikunja goti mazoezini mara mbili, anaichukua Ramona."

Mama ni mpishi wa shule. Kutwa nzima yuko wima mbele ya masufuria, na kwenye mnara alizoea kubaki chini na umati unaoegemeza mnara, akisukuma. Sasa nyumba yote ikageuka uzito wa mazoezi. Alipanda ngazi za jengo letu akimbeba Berta, halafu mimi, halafu gunia la viazi, ambalo alisema lina adabu kuliko sisi. Jioni Babu Cinto alichukua zumari lake akapiga wimbo wa mnara, maana waliobeba hawaoni juu. Wimbo ndio huwaambia mtoto amefika wapi. Mama alisimama katikati ya sebule, Bibi juu, gunia mikononi mwa Bibi, hadi wimbo uishe. Jirani wa juu aligonga sakafu kwa fagio. Babu akadhani anafuata ngoma, akampungia mkono kwenye dari.

Wiki moja kabla ya sikukuu, Mama alikunja goti mazoezini. Alirudi akaketi kwenye ngazi, hakutaka hata mkate wa nyanya.

"Nampa Ramona," akasema. "Nimechoka."

Bibi akaketi kando yake. "Unajua ulipopanda juu yangu mara ya kwanza ulifanya nini? Ulinikojolea."

"Mama."

"Shingoni. Kwa woga. Tone la kwanza tu, nikajua mwanangu yuko hai huko juu, mengine yote yakawa mepesi. Goti likakunjika? Halikukunjika. Nilioga baadaye."

Berta alicheka hadi akateleza vidato viwili. "Mimi sitakukojolea, Mama," akasema. "Labda kidogo."

Mama akala mkate. Akala na wangu.

Siku ya sikukuu nilimfunga masombo, kile kitambaa cheusi kirefu kinachokaza kiuno. Nilishika ncha moja na kuivuta kwa nguvu zote, naye akajizungusha kunijia kama pia, hadi tukagongana vifua, sote kizunguzungu, tunacheka kama walevi. Uwanjani, Feliu fundi bomba akasimama chini. Bibi, kwa kuwa ni mfupi, akajipenyeza chini ya kwapa lake kama gongo. Mama akapanda mabegani kwa Feliu, akauma kola ya shati lake mwenyewe kama wafanyavyo wote, isivutwe na wapandao. Mimi ni mrefu, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumsukuma Mama makalio kwa viganja viwili. Hakuna binti aliyewahi kufurahia hivyo kazi hiyo.

Zumari za kundi zikaanza. Uzito ukaja, orofa kwa orofa. Kisha mguu mdogo ukakanyaga sikio la Mama, bega, ukapotea juu. Berta.

Wimbo ukafika mahali ambapo Babu huwa anamalizia, na viganjani mwangu nikasikia Mama analegea. Lakini zumari hazikuwa zimenyamaza. Kulikuwa na kipande kizima kingine. Babu alikuwa anakiruka siku zote, na sisi sote, watu wa mji huu, hatukugundua. Miguu ya Mama ilidhani tuko sebuleni na kazi imekwisha, na Berta alikuwa bado hajainua mkono.

Chini ya kwapa la Feliu ikatoka sauti, kavu, bila haraka.

"Roser. Maharage bado."

Mama hakuweza kujibu, kola mdomoni. Lakini nilisikia kicheko kinampanda kutoka kiunoni, na pamoja nacho magoti yakanyooka kama milango iliyofungwa. Wimbo ukageuka. Uwanja ukanguruma. Mkono umeinuliwa.

Mnara uliposhuka wote, salama, Mama alimkumbatia Berta, akamkumbatia Bibi, akamkumbatia na Feliu, kisha akamwendea Babu kwenye kiti chake.

"Baba, ule wimbo una kipande kingine."

"Kipo," Babu akakiri. "Kina noti za juu. Meno yangu ya bandia hayazipendi."

Mama alicheka hadi masombo yakafunguka yenyewe.

Jioni tukiwa jikoni, Mama ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, Berta alikuja akasimama mbele ya Bibi, mgongo wima, kola ya shati tayari mdomoni. Aliitoa kidogo ili aseme:

"Bibi, panda."

Bibi akamtazama juu hadi chini, akamnyanyua paka aliyelala kitini, akamtua begani mwa Berta.

"Tuanze na huyu," akasema, akavuta karai la maharage.