Mvumo Ulioondoka Jumatano

Mjomba wangu, kaka wa mama, anaitwa Waya. Jina lake la kwenye kitambulisho hata mimi sijui vizuri, na ukimuuliza anasema, "Muulize bibi yako, yeye ndiye aliyelichagua." Kanisani kote ni Fundi Waya, maana popote alipo kuna waya, shingoni au mfukoni. Hata siku ya harusi yake alikuwa na mmoja mkononi. Picha ninayo kwenye simu, msinibishie.

Miaka kumi na tisa amekalia kiti kimoja. Kiti chenyewe kimechoka, sponji imetoa ulimi nje. Kipo nyuma kabisa ya kanisa, mbele ya meza ya sauti, ile yenye vitufe mpaka unajiuliza vyote vya nini. Mimi nakaa nyuma yake. Si utakatifu huo, hapana, pale ndipo penye soketi ya kuchajia simu.

Sasa kanisa letu lina matawi saba, sisi ni Tawi la Sita. Mwaka jana makao makuu wakatuletea Mwongozo, kitabu cha kurasa themanini na nne chenye jalada la plastiki, ili matawi yote yasikike sawasawa kama kanisa moja. Yaani kila kitu kimo. Sauti isizidi kiasi fulani kwenye kiti cha katikati. Kamera isioneshe kiti kitupu. Ubatizo utumie maiki ya waya, kwa sababu zile zisizo na waya zinakatikakatika hewani. Halafu hii sasa: ukimya usizidi sekunde tatu. Mkisema amina, moja, mbili, tatu, kinanda kiwe kimeingia! Ukizidi, tawi linakatwa alama, na mtu wa makao makuu anakusema kupitia kifaa cha sikioni. Mjomba alimwita mtu huyo Bwana Saa. Sura yake hatuijui, ni sauti tu, laini, haipandi wala haishuki. Mimi ilikuwa inanitisha, sijui kwa nini.

"Mungu mwenyewe alipumzika siku nzima," mjomba alisema, "sisi tumepewa sekunde tatu."

Tatizo la tawi letu lilikuwa mvumo. Kwenye spika kulikuwa na kitu kinavuma chini chini, mmmmm, kama nyuki kwenye chupa. Kila mwezi tulikatwa alama tano kwa ajili yake. Mjomba alikuwa ameupunguza miaka yote ila hakuumaliza, na wala hakuhangaika. Alisema ni kama jirani anayekoroma, ukimsikia unajua ni mzima.

Jumatano moja wakaja vijana watatu wa makao makuu, mashati ya rangi moja, hawana hata salamu ndefu. Wakaingia kwenye kabati la umeme. Dakika kumi tu, wakatoka. Mvumo haupo! Mchungaji akapiga makofi. Wakafunga kabati kwa kufuli, funguo wakaondoka nazo, na juu wakabandika karatasi: ATAKAYEFUNGUA ATAONDOLEWA KWENYE HUDUMA. Tukapewa mia kwa mia, mara ya kwanza tangu tuzaliwe.

Mjomba hakushangilia. Alikaa kwenye kiti chake, kichwa kimeinama upande, anasikiliza.

"Umekwenda wapi?" akaniuliza.

"Nini?"

"Mvumo."

"Umeisha, mjomba! Furahi basi."

"Mvumo hauishi, mpwa wangu. Unafukuzwa. Na kinachofukuzwa kina mahali kinakwenda."

Siku tatu zilizofuata alikuwa hivyo hivyo. Chakula anakigusa tu. Jumamosi alikuja kwetu, akakuta mama anapiga pasi gauni jeupe la mdogo wangu, Kitinda, aliyekuwa anabatizwa kesho yake. Akasema anataka kuivunja ile kufuli aangalie ndani.

"Kaka," mama akamwambia bila kuinua macho, "usituharibie Jumapili. Kile kiti ndicho kazi yako. Ukifukuzwa utakula mvumo?"

Kitinda akacheka. Mjomba hakucheka. Akaenda zake, na kufuli hakuivunja.

Jumapili ikafika. Baada ya wimbo wa pili, mwimbaji wetu mkuu, dada mmoja tunamwita Chiriku kwa sababu hafungi mdomo, akaja nyuma kunywa maji. Uso unang'aa.

"Fundi! Leo maiki ina upako!"

"Ina nini?"

"Upako! Nimeshika reli ya jukwaa, nikaisogeza maiki mdomoni, weee, midomo yote ikasisimka. Mpaka meno! Leo hapa kuna mtu atapokea kitu."

Mjomba akamgeukia polepole. "Ulishika reli. Ile ya chuma?"

"Kwani tuna ya mbao?"

"Na ukiiachia reli?"

Chiriku akafikiri. "Ukiiachia, upako unakata."

Mjomba akachomoa testa mfukoni, ile bisibisi yenye kataa kadogo ndani, kanakowaka kakikuta umeme. Akatembea mpaka jukwaani, akainama kama anayenyoosha waya, akaigusisha kwenye maiki. Kataa kakawaka. Kekundu. Mimi nilikaona nikiwa kule nyuma kabisa.

Aliporudi midomo yake ilikuwa ya majivu. Akaniambia haraka haraka, kama anajisemea: umeme ukivuja kwenye mashine una njia yake ya kukimbilia ardhini, ni waya mmoja unaotoka kwenye plagi na kupitia kwenye kabati. Mvumo wetu ulikuwa unapitia waya huo huo. Wale vijana hawakuutibu mvumo. Wameukata waya. "Sasa umeme unasubiri mtu aupitishe," akasema. "Na mtu aliyesimama ndani ya maji..."

Wote wawili tuliangalia mbele.

Mchungaji alikuwa ameshaingia kwenye kisima cha ubatizo, maji kiunoni. Kitinda yuko ngazi ya kwanza, gauni jeupe linaelea, anageuka kumtafuta mama kwa macho. Mhudumu anakuja na maiki, waya unaburuzika nyuma yake.

Mjomba akakibonyeza kifaa cha sikioni. "Makao makuu, nazima umeme."

Ile sauti nikaisikia hata mimi. "Tawi la Sita, hapana. Mko hewani. Maiki ya waya, ukurasa wa sitini na moja."

"Maiki ina umeme, ndugu yangu! Kuna mtoto kwenye maji!"

"Ripoti ya Jumatano inasema mko sawa. Mia kwa mia."

Mjomba ana goti bovu. Sijawahi kumwona akikimbia, siku hiyo alikimbia. Swichi kuu iko nje, ukutani, nyuma ya mlango. Mimi nikapiga kelele, "Usiishike!" lakini kinanda kilikuwa juu, nani angenisikia? Mchungaji akanyoosha mkono. Kitinda akashuka ngazi ya pili.

Kak!

Kila kitu kikafa. Taa, kinanda, feni. Moja, mbili, tatu. Nne. Ndani ya lile kanisa tangu Mwongozo uje hakuna aliyewahi kuisikia sekunde ya nne. Maji tu yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mkono wa mchungaji, do, do. Maiki ilikuwa imebaki kiganja kimoja kuufikia.

Kufuli mjomba aliivunja kwa nyundo mbele ya watu wote. Waya ulikuwa umekatwa kweli, ncha imezungushiwa utepe mpya wa bluu, vizuri, kwa upendo kabisa. Kitinda akabatizwa bila maiki, mchungaji anapaza sauti kama muuza magazeti, na mama analia mpaka kamasi.

Mjomba hakungoja amina. Alikuwa anawapigia mafundi wa matawi mengine. Hawapokei. Mwongozo unasema simu za mafundi ziwekwe kwenye kikapu mlangoni. Wa mwisho kupokea alikuwa Tawi la Tatu, saa nane mchana. Mwimbaji wao yuko hospitali. Anapumua, ila mkono wa kulia haukunjuki. Wiki nzima, fundi wao akasema, alikuwa anajisifu kwamba maiki yao ina upako.

Jana Jumatatu ikaja barua. Suala la Tawi la Tatu linachunguzwa. Tawi la Sita: ukimya, dakika kumi na saba. Alama, sifuri. Kufuli imevunjwa. Mvumo umerudi. Mafundi watafika Jumatano kuuondoa, na Fundi aachie kiti.

Mjomba ameuunga ule waya mwenyewe. Leo asubuhi akakibeba kiti chake, sponji na ulimi wake, akakiweka mbele ya mlango wa kabati la umeme, akakaa. Mama amemletea chakula pale pale, naye akakaa chini kando yake. Mimi niko sakafuni naandika haya. Mvumo unatoka kwenye spika, mmmmm, na sasa wote tunausikiliza.

"Mjomba," nimemuuliza, "kesho wakija na kitabu chao?"

"Waje nacho. Mimi nina kiti."

Lango limegongwa. Mara tatu. Na leo ni Jumanne.