Mtungi Uliokataliwa Langoni

Maji yaliyokaa juani ndani ya mtungi wa plastiki yana harufu yake. Wewe uliyelelewa na bomba huenda usiijue, lakini mtu wa Makueni ukimfungulia kifuniko tu, hata akiwa amefumba macho, atakuambia haya ni maji ya mtoni, ya kuchimbwa mchangani. Yananukia mchanga mbichi na plastiki iliyoota jua, na kwa mbali moshi wa jikoni mtungi ulikolala. Asubuhi moja mwezi huu nilitoka barazani na kikombe changu cha chai nikaikuta harufu hiyo ikinisubiri mlangoni. Nyuma yangu watoto wangu walikuwa wakibishana juu ya picha kwenye simu: tulale ndani ya bustani ya michezo, au tulale nje? Nilicheka peke yangu mpaka chai ikamwagika. Ubishi huo ninaujua tangu zamani, na ngoja nikueleze ulivyokwisha mara ya kwanza.

Nilikuwa darasa la nne, hapa hapa Kasikeu. Baba yangu, Musyoka, alikuwa seremala wa milango mizuri na maneno machache. Mama alifundisha watoto kanisani kila Jumapili na alikuwa na maneno ya kuwatosha watu wawili, kwa hiyo nyumba yetu haikupungukiwa. Tulikuwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Kioko. Mwaka huo ilikuwa imefunguliwa bustani ya michezo nje kidogo ya Mtito Andei, kando ya barabara ya Mombasa. Ilikuwa na mabembea, treni ndogo ya kuzunguka, na mabomba makubwa ya rangi ambayo mtu alipanda juu yake, akateleza ndani, akatumbukia kwenye dimbwi. Maji ya kuchezea! Sisi tulikuwa watu wa kuoga kwa kikombe na maji yaliyobaki kumwagia sukumawiki. Wazo la maji yasiyo na kazi yoyote ila kurukiwa lilitutia wazimu.

Baba akatuahidi kutupeleka likizo ya Agosti, siku mbili, na hapo ndipo vita vilipoanza. Ndani ya bustani kulikuwa na vijumba vya duara vya kulala wageni. Aliyelala ndani alifungwa utepe wa kijani mkononi, na asubuhi aliteleza kabla lango halijafunguliwa kwa watu wa nje. Nilijua hayo kwa sababu msichana mmoja wa darasa letu, Ndinda, alilala huko na wazazi wake, akauvaa utepe ule shuleni mpaka ukawa wa kijivu. Alikuwa akinyoosha mkono kujibu maswali ambayo hata hakuyajua, ili tuuone. Mimi nilitaka utepe ule kuliko nilivyotaka kwenda mbinguni, na Mama angejua hilo angeniombea.

Mama naye alitaka ndani. Alisema tukilala nje nusu ya siku itaishia barabarani, mara huyu anataka choo, mara yule ameacha kiatu. Pesa alikuwa amekwisha kuziweka kando, na hakukuwa na swali hapo. Baba peke yake ndiye aliyetaka tulale nje, Mtito Andei mjini, pale malori yanapopumzikia, na sababu zake zilikuwa za ajabu. Mara kwenye maji mengi kuna vyura, na vyura hawamwachi mtu alale. Mara vijumba vya duara havina pembe, na mtu ataweka kitanda wapi?

"Wewe Musyoka," Mama alimwambia, "wewe fundi mzima unaogopa nyumba ya mviringo?"

Baba alikunywa chai yake. Mwisho wakakubaliana tukaamulie huko huko tukifika.

Lazima nikuambie kitu ambacho kila mtu nyumbani alikijua na hakuna aliyekisema mezani. Mtito Andei alikuwa akiishi Syombua, dada mkubwa wa Baba, aliyembeba mgongoni utotoni. Alikuwa ameolewa na mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Pwani, na yeye akasilimu. Babu, mzee wa kanisa aliyekuwa na sauti nzito, alikataza mtu yeyote wa nyumba yake kukanyaga huko. Babu alikuwa amefariki kabla sijaanza shule, lakini katazo lake lilibaki limesimama kama nguzo ya ua ulioanguka. Mimi shangazi yangu sikuwa nimemwona hata siku moja. Nilijua tu kwamba jina lake likitajwa, Baba hutoka nje kutafuta msumari.

Na kwetu kuna jambo moja. Ukifika mji wenye ndugu yako, hulali nyumba ya kulipia. Kulala lojing ndugu akiwa hapo ni kumtangazia mji mzima kwamba kwako wewe amekufa. Kwa hiyo swali la tutalala wapi lilikuwa na meno, ingawa mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye utepe.

Siku ya safari tuliamka tukamkosa Baba. Alirudi kutoka mtoni akiwa na mtungi wa lita ishirini begani, suruali imelowa upande mmoja. Mimi na Kioko tulicheka tukajikunja. Baba hakuwa mtu wa kuchota maji. Wanaume wa rika lake walichota siku mke akijifungua, na hapo kwa shida. Tena hakuchota penye foleni ya punda. Alikuwa amekwenda mbali, kwenye kisima cha mchangani chini ya shamba la nyanya, ambako maji hutoka kidogo kidogo na ni lazima uyangoje. Alifunga kifuniko kwa kipande cha nailoni, akakikaza, akauweka mtungi karibu na mabegi.

"Hiyo inaenda wapi?" Mama akauliza.

"Maji ya Mtito ni ya chumvi."

"Sisi tunaenda mahali pa maji, na unabeba maji?"

"Ya kunywa," Baba akasema.

Mama alimtazama kwa muda, akafungua kinywa, kisha akakifunga. Mimi ninayemjua nakuambia hilo halikuwa jambo dogo.

Basi lilitushusha mbele ya bustani jua likiwa limeanza kuwaka. Kutoka langoni tuliyaona mabomba yale, moja jekundu na moja la manjano, na tukasikia watoto wakipiga kelele na maji yakigonga. Kioko aliruka akiwa amesimama pale pale. Baba alikuwa ameinama upande mmoja kwa uzito wa mtungi, amevaa koti lake la harusi. Watu waliotoka kwenye magari yao walitutazama, nami nikajisogeza kidogo nionekane nimekuja na wengine.

Askari wa lango alikuwa kijana mpole.

"Mzee, karibu. Lakini hiyo mtungi haiingii. Chakula na vinywaji za kutoka nje haziruhusiwi."

"Ni maji tu," Baba akasema.

"Maji iko ndani, mzee. Mingi sana."

"Si kama haya."

"Basi mwaga hapa kwa maua, ama uache kwangu, nitakuchungia."

Baba alisimama na mtungi wake. Hakuumwaga, hakuuacha. Nyuma yetu watu walianza kukohoa. Nilikuwa karibu kulia, kwa sababu vijumba vya duara vilikuwa vinaonekana pale kwa mbali, na mwanamke aliyeketi karibu na askari alikuwa na tepe za kijani, bunda zima, mikononi mwake. Nikamvuta Mama kanga nikamwambia, mwambie Baba amwage. Mama alikuwa akimtazama Baba, na uso wake ulikuwa umebadilika, umelegea.

"Baba Mwikali," akasema taratibu, "peleka hayo maji mahali umeyaletea. Twende. Bustani haitoroki."

Mwikali ndiye mimi, nami nililia waziwazi kuanzia hapo mpaka mjini.

Baba alitangulia. Alipita vituo vya petroli, akapita malori yaliyopangwa na madereva waliolala chini yake, akakata kushoto penye duka la matairi, na hakuuliza njia kwa mtu yeyote. Alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya hoteli ndogo ya chakula yenye pazia la maua mlangoni. Alisimama sana. Alibadilisha mtungi kutoka mkono huu kwenda ule. Kisha akavuka, nasi tukamfuata, na mimi kilio kikakatika chenyewe.

Mwanamke aliyekuwa akikanda unga wa chapati aliinua macho. Alikuwa amejifunga mtandio, na alikuwa na uso wa Baba, kila kitu mpaka nyusi. Sikuhitaji kuambiwa. Baba aliweka mtungi chini katikati ya sakafu.

Shangazi alimtazama, akamtazama Mama, akatutazama sisi. Kisha akautazama mtungi. Akafuta mikono yake, akainama, akafungua ile nailoni. Hakuonja kwanza. Alinusa.

"Hii ni ya kwa mama yetu," akasema.

"Ndiyo."

"Ile ya chini ya shamba? Bado iko?"

"Bado iko. Lakini unachimba mpaka hapa," Baba akasema, akaonyesha kifuani.

Shangazi alichukua kikombe, akamimina, akanywa amesimama, chote, akamimina tena. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyajali. Halafu akauliza swali ambalo sote tulikuwa tumelibeba kutoka Kasikeu.

"Na mnalala wapi?"

Baba akamtazama Mama. Naam, mwanamume aliyebeba lita ishirini mpaka hapo hakuwa na nguvu ya neno moja zaidi. Na Mama, ambaye alitaka vijumba vya ndani, ambaye aliimba kwaya katika kanisa lile lile la Babu, ndiye aliyejibu.

"Hapa kwenu, dada. Kama kuna nafasi."

"Nafasi!" Shangazi alipiga makofi, unga ukaruka. "Ningesikia mmelala kwa ile bustani, na mimi niko hai hapa, ningekuja niwatoe na huu mwiko!"

Nikupe ya baadaye kwa kifupi, maana furaha haina mengi ya kusimulia. Tulikula pilau. Mama aliomba kabla ya chakula, na Mama akiomba huwa hasahau mtu yeyote duniani. Mume wa shangazi, Mzee Athmani, aliinamisha kichwa muda wote, na alipoitika amina alisema kwa upole, "Mama, umeomba vizuri sana, hata sahani zimepoa." Tulicheka sote, Mama zaidi. Nililala mkekani na Zuhura, binti yao, aliyekuwa rika langu, nje malori yakinguruma. Kesho yake tulirudi bustanini kundi zima, mikono mitupu, na askari yule akatupokea kama jamaa zake. Niliteleza kwenye bomba jekundu mpaka magoti yakachubuka. Tuliingia na watu wa nje, baada ya lango kufunguliwa, na mkono wangu haukuwa na utepe. Zuhura alinifunga uzi wa kijani alioutoa kwenye pindo la pazia la hoteli yao, na Ndinda alipouona alinyamaza wiki nzima akijaribu kuelewa ni wa wapi.

Kwa miaka mingi niliamini mtungi ule ulikuwa kichekesho cha Baba, na shangazi tulimpata kwa bahati kwa sababu ya kanuni ya langoni. Nilikuwa nimeolewa tayari Mama aliponiambia mengine. Baba alikuwa amekwenda Mtito mara mbili kabla ya hapo, peke yake. Mara zote mbili alifika ng'ambo ya barabara, akatazama lile pazia la maua, na mkate wake kwenye mfuko wa koti, akapanda basi akarudi nyumbani. Mkate unaweza kuula mwenyewe njiani na hakuna atakayejua ulikuwa wa nani. Kwa hiyo safari ya tatu alichukua kitu ambacho mtu hawezi kukificha wala kurudi nacho, na akachukua mke na watoto wa kumtazama. Wakati nikijitenga naye pale langoni kwa aibu, mwanamume yule mwoga alikuwa anafanya jambo la ujasiri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Nilimpenda Baba siku zote, lakini siku Mama aliponiambia hayo nilimpenda upya.

Sasa Baba anaishi nasi hapa Kasikeu, mgongo umeinama na randa amemwachia Kioko. Nilipomwambia kwamba nawapeleka watoto bustanini, hakuuliza ni lini wala tutalala wapi. Shangazi naye, mzee kama yeye, ana bomba la maji uani kwake Mtito siku hizi.

Na bado asubuhi ile ya safari mtungi ulikuwa mlangoni, kifuniko kimefungwa kwa nailoni. Bila shaka Kioko ndiye aliyeubeba, lakini fundo la nailoni lilikuwa la Baba. Niliwaambia watoto wafunge zile picha za vyumba. Binti yangu alinung'unika, akautazama mtungi, akaniuliza, "Kwani huko hakuna maji?"

"Yako mengi," nikamjibu. "Shika upande huo, tubebe."