Maneno Ambayo Shemeji Hakuyasikia

Kisa hiki hakuna atakayekiamini, na simlaumu mtu, maana sifa yangu ya kutia chumvi hunitangulia kila nyumba ninayobisha hodi. Shule nilikomea darasa la tano, walimu walinililia. Lakini hapa namzungumzia shemeji yangu, mume wa dada yangu, na chumvi nitajitahidi kuipunguza.

Shemeji aliendesha mashine ya kusaga unga, kwenye banda la bati. Injini ile ikishawashwa, meno yanakugonga kinywani, na mtu akikupigia kelele sikioni huambulii kitu. Dada ndiye aliyepokea mahindi ya wateja na kuyamimina juu, shemeji akichunga mkanda na gunia huku chini. Miaka yote hiyo walisemezana kwa midomo bila kutoa sauti. Dada akiukunja mdomo hivi, mahindi yana unyevu. Akiukunja vile, yule mama anaruka foleni. Hata mimi walinisengenya mbele ya macho yangu, nami nimesimama nachekacheka kama zoba.

Basi dada akaugua. Mgongo na miguu vikamkatalia, akawa mtu wa kulala ubavu mmoja, uso ukutani, kwa sababu upande wa pili ulimuuma. Shemeji akafunga banda akawa anashinda sebuleni.

Siku niliyokwenda kumjulia hali, dada aliniambia bila kugeuka, "Kaka, shemeji yako amenichoka."

"Nani? Yule? Labda unga uchoke kuwa mweupe."

"Usinichekeshe, mbavu zinauma. Namwita, haji. Namwomba maji, kimya. Na yupo hapo, nasikia kiti kinavyolia akikaa. Sasa nimeacha kumwita."

Damu ikanichemka. Nikatoka kwenda sebuleni, nikamkuta amenipa mgongo, anafua shuka za dada kwenye beseni. "Wewe ni mwanaume gani?" Kimya. Nikamtupia tusi la kwanza, la pili. La tatu siliandiki, litachoma karatasi. Yeye anakamua shuka taratibu. Nikachukua sufuria nikaibamiza sakafuni nyuma yake. Hakugutuka. Aligutuka alipoona miguu yangu pembeni ya beseni.

"Aa, shemeji! Umefika saa ngapi? Karibu, karibu."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Husikii?"

Akatupia jicho mlango wa chumbani, kama mtoto aliyevunja kikombe. "Ilipungua kidogo kidogo. Pale kwenye mashine nani angejua? Pale wote viziwi."

"Na dada anakuita, bwana! Kila siku anakuita!"

Shuka ikamponyoka. "Ananiita? Mimi nilidhani kageukia ukuta kwa sababu hataki maneno na mtu. Nikasema nisimsumbue."

Tukaingia chumbani tukamgeuza, akiguna kwa maumivu, mpaka wakatazamana. Waliambiana nini kwa ile midomo yao, sijui mpaka leo. Nilichoona ni shemeji amepiga magoti, na dada anamfuta macho kwa kiganja. Tangu siku hiyo alikataa kugeuzwa ukutani. Upande ule ulimuuma vilevile, lakini aliulalia.

Ugonjwa nao haukuwa na huruma. Mwishoni midomo yake ilikauka ikalegea, haifunguki sawasawa wala haifungi. Shemeji alikuwa akiinama mpaka pua zinakaribia kugusana, amekodoa macho, asipate hata neno moja. Akawa ananitazama mimi mwenye masikio, na macho yale sikuyapenda.

Mchana mmoja dada akajaribu tena. Nikatega sikio mdomoni pake. "Mwambie," alisema, "ajipanguse unga kwenye nyusi."

Mashine ilikuwa haijawashwa tangu augue. Kwenye nyusi za shemeji hapakuwa na unga, zilikuwa mvi. Nikaitikia kwa kichwa. Jioni dada hakuwa nasi tena.

Baada ya mazishi shemeji aliniita bandani. Injini baridi, mkanda umelegea. Akanikalisha juu ya gunia kwenye mwanga wa mlango, ili anione mdomo vizuri, naye akakaa mbele yangu, magoti yetu yakigusana.

"Alisema nini?"

Ungekuwa wewe ungempa nini? Mtu ametoka kumzika mkewe, anangoja neno la mwisho, umpe habari za nyusi? Nikaona ni haba. Nikakohoa, nikanyoosha mgongo.

"Shemeji, alisema wewe ndiye uliyekuwa mwanga wa maisha yake. Alisema katika wanaume wote walioumbwa chini ya jua hajaona wa kukufikia, na huko anakokwenda atasimama mlangoni, wambembeleze wasimbembeleze, hataingia mpaka wewe—"

"Shemeji." Akaniwekea kidole mdomoni. "Maneno sikuyapata, lakini nilikuwa natazama. Yalikuwa mafupi."