Nahau za Dada Otilia

Juzi, katika stendi ya Mbinga, nilimsikia msichana akikariri nahau za Kiingereza, na mara nikakumbuka harufu chachu ya kahawa iliyotoka kumenywa.

Mchana mmoja utotoni nilikuwa na Dada Otilia kwenye kichanja, tukigeuza kahawa. Mama tulikuwa tumemzika karibuni, akituachia mtoto mchanga.

“Mvua ya paka na mbwa, maana yake?” Dada aliniuliza.

“Mvua kubwa. Lakini dada, mbwa gani anashuka na mvua?”

“Hilo utawauliza Wazungu. Rudia.”

Nahau ya kupiga teke ndoo, ambayo maana yake ni kufa, aliiruka.

Nilidhani anajiandaa kurudi bwenini, na mimi ni wa kumsaidia kukariri tu. Sikujua kwamba asubuhi ile Baba alikuwa amemwambia shule basi, abaki kulea. Kumbe alikuwa ananiachia masomo yake.

Baba aliita kutoka ndani, “Otilia, mwanao analia.”

Dada alifuta mikono kwenye kanga. “Endelea mwenyewe,” akaniambia, akaingia ndani.

Nikaendelea kwa sauti kubwa, nikifurahi kwamba hakuna tena wa kunisahihisha.