Kikombe cha Kadogo

Juzi, njiani kwenda uwanja wa ndege wa Bangboka, nilisikia mtoto wa nguruwe akilia ndani ya mfuko uliotundikwa kwenye mizani. Nikakasirika upya.

Nilipokuwa mtoto, papa, baba yangu, alipima hivyohivyo watoto machotara wa nguruwe wetu, wakiwa bado wananyonya. Mdogo kuliko wote nilimwita Kadogo. Nilidhani mwepesi ndiye atakayeishia chunguni, basi alasiri moja, banda likinuka mavi na pumba, nilimnywesha Kadogo kikombe kizima cha maji kabla hajapimwa.

“Ah bon! Huyu iko anaongezeka muzuri,” papa alisema, akampa mwingine uji wa maziwa.

Kumbe uji ule ulikuwa wa mwepesi kuliko wote. Papa angeniambia neno moja tu! Kadogo hakuishi hadi siku ya kuachishwa ziwa.