Mafuta ya Ng'ombe Juu ya Gari

Leo nimefungua mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe, nipake mpira wa dirisha la juu la gari langu. Harufu yake imenirudisha kwenye boma letu Kapseret.

Baba alikuwa na gari kuukuu lenye dirisha kwenye paa, na alijivunia hilo dirisha kupita kiasi. Shida ni kwamba mvua ikinyesha lilivuja palepale alipokaa Mama. Kila Jumapili Mama alienda kanisani na karatasi ya nailoni juu ya kitambaa chake cha kichwa.

"Hii gari yako inanibatiza kila wiki," alimwambia.

Jumamosi moja Baba alipaka mpira wote mafuta ya ng'ombe. Bado likavuja. Ndipo akaona kwenye kona kitundu cha kupitisha maji, kimeziba kwa vumbi na majani makavu. Akakizibua kwa waya wa breki ya baiskeli. Akamwaga maji juu kwa birika, mimi nimechuchumaa kando ya gurudumu la mbele, ambako maji ya kile kitundu yalipaswa kutokea.

"Inatoka?"

"Bado!"

"Na sasa?"

Maji meusi ya baridi yakanimwagikia miguuni. "Inatoka, Baba!" Alicheka mpaka ng'ombe wakageuka kututazama.

Kesho yake mvua ilinyesha. Mama alikaa pakavu, lakini nailoni hakuivua.

Leo nimemwaga maji mwenyewe, kisha nikazunguka mbio kuchungulia gurudumuni.

"Inatoka," nikasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyeuliza.