Siku Nilipomkana Tata

Harufu ya pumba za mpunga zilizoloa jasho ndiyo harufu ya baba yangu. Katika bwalo la chuo alikofundisha mieleka, nje kidogo ya mji wa Kyela, hapakuwa na magodoro ya mchezo, basi alishona magunia kwa mkono wake, akayashindilia pumba alizoziomba mashineni, akatandaza turubai juu. Masika yale mvua ilinyesha kama iliyokodiwa, maji yakapenya chini ya mlango wa bwalo, pumba zikavunda. Tata, kama tulivyomwita kwa Kinyakyusa, alirudi nyumbani jioni akinuka uchachu na dawa ya kuchua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Miaka yote iliyotangulia nilimpokea mlangoni na kujitupa kifuani mwake. Masika yale nilianza kujifanya nina kazi jikoni.

Alizaliwa Ikolo, na mieleka aliijua machungani, wavulana walipokuwa wakibwagana mchangani huku ng'ombe wakinywa maji. Jeshini wakamwona, wakamfundisha kanuni, na kwa miaka kadhaa hakuna mtu wa uzito wake nchini aliyeuweka mgongo wake chini. Alipanda ndege kwenda kushindana nchi za watu. Alirudi na medali mbili na masikio yaliyovimba na kukunjana kama maandazi yaliyoungua, maana ndivyo mieleka inavyowalipa wapiganaji wake. Chuo kikamwajiri awe mkufunzi wa michezo. Wanachuo wake walimwogopa siku ya kwanza na kumpenda siku ya tatu, kwa sababu kabla ya kumfundisha mtu kubwaga alimfundisha kuanguka. Wiki nzima mtu anajifunza kuanguka tu.

Lakini ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Kyela yaliyokuwa matupu yalijaa sabuni za rangi, kanga mpya na redio za kaseti. Palifunguliwa kibanda cha video, na humo watoto wakaona mieleka ya ng'ambo: majitu yenye nywele ndefu yakiruka kutoka juu ya kamba. Kitumbua cha Tata kikaingia mchanga. Darasani kwetu walimwita Mzee Pumba. Rafiki yangu Rukia hakujua kuwa mzee huyo ni wangu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Tanga, na nyumba yao ilinukia udi na wali wa nazi. Nilikuwa nimemwambia kwamba baba yangu ni mwalimu wa chuo, anavaa tai. Sikusema anafundisha nini.

Kisha mkuu wa chuo akatoa neno: bwalo linatakiwa na wanunuzi wa mpunga wanaotafuta ghala. Timu ikiwashinda wageni kutoka Mbeya, itaachiwa bwalo lake. Ikishindwa, mieleka basi. Tata alituambia hayo wakati wa chakula, taratibu, kama mtu anayezungumzia mvua. Halafu akanigeukia. "Tusekile, Jumamosi uje. Nikikuona pale nitapata nguvu." Nikaitikia huku nimetazama sahani.

Jumamosi mji mzima ulikuja. Rukia naye alikuja, akanishika mkono, tukakaa benchi la tatu. Mapambano yakaenda sawa kwa sawa mpaka likabaki moja, la Lwitiko, mwanachuo mrefu kutoka kijiji cha Ipyana ambaye Tata alimlea kama mwanawe. Lwitiko alikuwa anaongoza. Watu walisimama juu ya mabenchi wakiimba jina lake. Mara mpinzani akamkunja, kichwa kikanasa chini ya kifua, shingo ikapinda. Sisi hatukuona kitu, tuliona miguu miwili inayopapatika. Tata aliona. Alitupa taulo katikati ya jamvi, na mwamuzi akapuliza filimbi. Tumeshindwa.

Kelele zilizofuata sijazisahau. "Mwoga!" walipiga yowe. "Mzee Pumba ameuza pambano!" Mtu alirusha ganda la ndizi, likamgonga Tata begani. Hakuligusa. Alikuwa amepiga magoti, amemshika Lwitiko kichwa kwa mikono miwili, anamsemesha polepole. Walipokwisha kumtoa kijana kwa machela, Tata akapanda kuelekea mabenchini. Alikuwa ananitafuta mimi.

Rukia akaniuliza, "Mbona yule mzee mwenye masikio yale anakutazama sana? Wamjua?"

Ulimi hauna mfupa. "Simjui," nikasema. "Nadhani ni mlinzi wa hapa."

Alikuwa amefika. Hatua mbili tu zilitutenganisha, na niliona macho yake yakipepesa mara moja, kama ya mtu aliyemwagiwa maji. Rukia, mtoto mwenye adabu, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Tata akajibu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea upande wa nyuma. "Mkitoka piteni mlango ule. Huku mbele pana tope, mtachafua viatu." Sauti ilikuwa ya mlinzi hasa. Akageuka, akaenda zake. Rukia akanong'ona, "Mlinzi wa hapa mpole, maskini." Nilitaka ardhi inimeze, na bado nilipita mlango ule alionielekeza.

Nyumbani mama aliuliza habari za mchezo. "Tumeshindwa," Tata alisema. "Tusekile alikuja. Alikaa vizuri."

Bwalo likawa ghala. Tata alipewa barua ya kupunguzwa kazini, akarudi kwenye mashamba ya Ikolo kulima mpunga na kakao. Hakuniambia tena nije mahali popote kumwona. Miaka mingi baadaye Lwitiko alipita kutusalimu, sasa mwalimu mwenye watoto, akasema daktari alimweleza kwamba shingo ile ingepinda kidogo tu zaidi asingetembea tena. "Ndaga, Tata," alimwambia, akimshukuru kwa lugha yetu, na Tata akacheka kwa aibu. Nilitoka nje nikajifanya nafukuza kuku.

Nilipanga kumwomba radhi. Kila likizo nilipanda basi kutoka Mbeya, nilikokuwa nikiishi, nikiwa na maneno tayari, na kila nilipomkuta nilimuuliza habari za kakao. Naye alinijibu habari za kakao. Aliugua siku nne tu, nami nilifika ya tano. Mkataa kwao ni mtumwa, wamesema wahenga, na nimeutumikia utumwa huo muda mrefu kuliko alioutumia Tata kwenye mieleka.

Leo Kyela ina bodaboda kila kona, na watoto wanatazama mieleka kwenye simu wakisubiri chipsi. Hawana haja ya kumjua mtu aliyefundisha vijana kuanguka juu ya pumba. Mimi nina umri aliokuwa nao siku ile, na najua sasa ilimgharimu nini kunielekeza mlango. Mtu akiniuliza, hata karani tu anayejaza fomu, mimi ni binti wa nani, nalitaja jina la Tata upesi na kwa sauti kubwa mno, mpaka watu waliopanga foleni wanageuka. Karani husema, "Nimekusikia, mama." Lakini si yeye niliyetaka asikie.